Kabla ya marina, tuambiwe tope la ufuko wa zamani litapelekwa wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu wazo ambalo limekuwa likizungumzwa huku kwetu Kyela, kwanza vijiweni na baadaye katika kikao kimoja nilichohudhuria mwenyewe, la kuligeuza eneo la ufuko wa Ziwa Nyasa ambalo zamani lilikuwa na karakana, maghala na gati dogo la mizigo kuwa marina, yaani maegesho ya kudumu ya boti za watalii na vyombo vya watu binafsi, pamoja na hoteli na bustani pembezoni mwake. Aliyelieleza wazo hilo alizungumza vizuri na kwa muda mrefu juu ya ajira, juu ya wageni watakaoteremka kutoka Uwanja wa Ndege wa Songwe, na juu ya ufuko utakaowaka taa usiku. Alipofika kwenye ujenzi wenyewe alisema kwa kifupi kwamba kina cha maji kitaongezwa na tope litaondolewa. Nilinyoosha mkono nikauliza litaondolewa lipelekwe wapi. Nikajibiwa kwamba hilo ni suala la wataalamu, kisha kikao kikaahirishwa kwa ajili ya chakula cha mchana.

Siandiki kuipinga marina. Naandika kwa sababu naamini swali la tope linapaswa kujibiwa kabla ya mchoro wa hoteli, na kwamba jibu lake ndilo litakaloamua kama mradi wa namna hii unawezekana mahali hapa au hauwezekani.

Nina sababu yangu ya kuuliza. Nilipokuwa kijana nilifanya kibarua kwa misimu mitatu katika karakana ndogo ya mtu binafsi iliyokuwa ikikarabati vyombo vya majini katika ukanda huu. Jina lake sitalitaja, na mwenyewe alikwisha kutangulia mbele ya haki. Kazi yetu vibarua ilikuwa kugonga kutu na rangi ya zamani kwa nyundo na patasi, kisha kusugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Magamba ya rangi na lile vumbi jekundu tuliyafagia jioni, na njia fupi ya kufagia ilikuwa kuelekea majini. Rangi ya msingi ya enzi zile mara nyingi ilikuwa na madini ya risasi, na rangi iliyopakwa chini ya mstari wa maji ilikuwa na shaba ili konokono na mwani visishike. Betri zilizokufa tulizipasua hapo hapo, tukayeyusha risasi yake na kuwatengenezea wavuvi chubwi za nyavu, na tindikali tukaimwaga mchangani. Oili chafu ya injini ilikuwa na shimo lake nyuma ya banda, na shimo likijaa tulilifukia tukachimba lingine pembeni yake. Hakuna aliyetuambia kuwa tunakosea, nasi hatukuuliza.

Nayasimulia haya kwa kuwa hakuna kati ya hayo lililoandikwa popote. Mtaalamu atakayekuja na vifaa vyake atachota sampuli mbili tatu mahali palipo rahisi kufikika kwa mtumbwi, atakuta mchanga msafi ulioletwa na masika yaliyopita, na ataandika kwa uaminifu kabisa kwamba eneo halina tatizo. Vitu hivi havikai juu. Risasi, shaba na zinki hupenda kushikamana na chembe laini za udongo, zile zinazotua mahali maji yalipotulia, ilhali mchanga wa chembe kubwa haushiki kitu. Kwa hiyo ndani ya ghuba moja ndogo unaweza kukuta doa chafu sana na hatua 20 kutoka hapo pakawa safi. Tena kwa kuwa karakana za aina ile zilikoma miaka mingi iliyopita, uchafu mkubwa uko katika tabaka za chini, umefunikwa na tope jipya, na kwa hali hiyo umetulia. Mtambo wa kuchimba ukipita na kuondoa mita mbili za juu, sura mpya ya sakafu itakayobaki inaweza kuwa ndiyo ile tuliyoifagilia sisi. Ndiyo maana sampuli zinapaswa kuchukuliwa kwa bomba linalozama wima mpaka chini ya kina kinachokusudiwa kuchimbwa, na kupimwa tabaka kwa tabaka. Kijiko cha tope la juu hakimwambii mtu chochote.

Wapo watakaosema kwamba natia chumvi, kwamba Kyela si mji wa viwanda. Ni kweli kwamba hatukuwa na viwanda vya kutisha. Lakini ziwa hupokea pia mito, na mito yetu haiji mikono mitupu. Mlima Rungwe una urefu wa karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari na uso wa ziwa uko chini ya mita 500. Katika umbali huo mfupi maji ya Mto Kiwira na wenzake hushuka kwa kasi, yakipita mashamba ya chai, migomba na viazi, yakipita eneo la makaa ya mawe, karakana za magari na masoko. Bonde lote la Kyela tunalolima mpunga na kakao limejengwa na tope hilo hilo kwa maelfu ya miaka. Bandari ya Itungi ilijaa mchanga kiasi cha kulazimu shughuli za meli zihamie bandari ya Kiwira, na Mto Songwe umehama mkondo mara nyingi hata Tanzania na Malawi zikaunda chombo cha pamoja cha kulisimamia bonde lake. Anayechimba kina katika ufuko huu anachimba mahali ambapo mlima unaendelea kumwaga. Atachimba mwaka huu, na baada ya masika kadhaa atachimba tena.

Kwa bandari ya mizigo gharama hiyo inaweza kubebeka. Meli za MV Njombe na MV Ruvuma, zilizojengwa pale Itungi, zina uwezo wa kubeba tani 1,000 kila moja, na shehena ya saruji au makaa ya mawe ina mlipaji wake. Marina huishi kwa kodi ya boti zilizofungwa kamba. Sijasikia bado ni boti ngapi zinazotarajiwa kufungwa hapo mwezi wa Aprili, mvua ya Kyela ikiwa haikatiki kutwa kucha, wala nani atailipa meli ya kuchimba kina mara ya pili na ya tatu.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua beseni la maji lenye urefu wa mita 200 na upana wa mita 150, ambalo kwa marina ni dogo tu, na uliongezee kina cha mita mbili. Hapo unaondoa mita za ujazo 60,000. Kwa tipa linalobeba mita za ujazo 10 hizo ni safari 6,000. Likitoka tipa moja kila baada ya dakika 10, kwa saa 10 kwa siku bila kusimama, kazi itachukua siku 100, na barabara zetu za vijijini kila mtu anazijua. Tope likinyonywa kwa pampu badala ya kuchotwa kwa ndoo ya mtambo, hutoka likiwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo litahitaji bwawa la kulituamisha kwanza, na yale maji yatakayorudi ziwani kutoka bwawani nayo yapimwe. Hili ni suala la wataalamu, nakubali, ila ni wataalamu hao hao watakaouliza ardhi ya bwawa hilo iko kwa nani.

Nchi zilizotangulia zimeupitia mtihani huu, na ningependa wasomaji wazijue habari zao mbili tatu. Ya kwanza ni Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga maji taka yenye zebaki katika ghuba ile tangu mwaka 1932 hadi 1968, na ugonjwa wa watu waliokula samaki wa hapo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kusafisha sakafu ya ghuba kulianza mwaka 1977 na kumalizika mwaka 1990. Tope lililoshughulikiwa lilikuwa kiasi cha mita za ujazo milioni 1.5, sehemu yake ilinyonywa, sehemu ikafukiwa pale pale nyuma ya kuta za chuma, na juu yake ikapatikana ardhi mpya ya hekta 58 ambayo leo ni bustani. Gharama ilikuwa yeni bilioni 48 na zaidi. Kuna jambo moja katika habari hiyo ambalo wenye haraka ya kujenga hulipita: kazi ilipoanza tu, wakazi walikwenda mahakamani wakihofia kwamba kulitibua tope kungeirudisha zebaki kwenye samaki, na shughuli zikasimama kwa zaidi ya miaka miwili. Wale watu walikuwa wamekwisha kuzika jamaa zao. Nasi tusijidanganye kwamba zebaki ni neno la Wajapani peke yao, kwa kuwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya wanaitumia kila siku kukamatia dhahabu. Maji ya Chunya huelekea Ziwa Rukwa, si Nyasa, lakini mkoa ni mmoja, na anayetaka kujua zebaki ikishaingia kwenye tope hutolewaje, jibu lake lina umri wa miaka 13 ya kazi na mabilioni ya yeni.

Ya pili inatuhusu kwa karibu zaidi, kwa sababu ni ya bandari ya boti. Mji wa Waukegan uko kwenye Ziwa Michigan, jimbo la Illinois, Marekani. Kiwanda kimoja cha injini za boti kilikuwa kikitumia katika mitambo yake mafuta ya haidroliki yenye kemikali za PCB, jamii ile ile ya kemikali zilizowahi kutiwa katika mafuta ya transfoma za umeme, na mafuta hayo yakavuja mpaka bandarini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bandari ilichimbwa. Sehemu ya gati ambako boti zilikuwa zikiegeshwa ilizibwa na kugeuzwa kaburi la tope chafu, na wenye boti wakachimbiwa mlango mwingine mpya upande wa pili. Katika kuuchimba huo mlango mpya wakakuta udongo uliojaa uchafu wa lami ya kiwanda kingine cha kale, ambacho kumbukumbu zake hakuna aliyekuwa akizifikiria. Ikabidi lianze shauri jipya la usafishaji. Na hata hivyo, mwaka 2012 na 2013 bandari ile ile ikachimbwa tena kwa sababu tope lililobaki lilikuwa bado na PCB. Ninapowaza shimo letu la oili nyuma ya banda, huikumbuka Waukegan.

Kanada nao, katika bandari ya Hamilton kwenye Ziwa Ontario, walikuwa na doa la lami ya makaa ya mawe linaloitwa Randle Reef. Waliamua kutolisafirisha kabisa. Walijenga ndani ya maji boma la kuta mbili za chuma lenye eneo la hekta 6.2, wakalifunikia tope baya zaidi palipokuwa, wakalikusanyia humo na tope la jirani, jumla ya mita za ujazo karibu 695,000, kwa mpango wa kulifunika juu. Uamuzi huo naona una busara, maana tope ambalo halikusafirishwa halimwagiki njiani. Lakini uliwagharimu dola za Kanada milioni 138.9, zilizochangwa na serikali kuu, jimbo, miji, mamlaka ya bandari na kampuni ya chuma, na mazungumzo ya nani achangie nini yalichukua miaka mingi kuliko ujenzi.

Nirudi kwetu, maana hapa ndipo penye uzito. Tope lenye sumu likitolewa katika ufuko wa Kyela lina mahali pachache pa kwenda, na kila mahali pana kikwazo chake.

Mpango wa kwanza kusemwa, na nimekwisha kuusikia, ni kulimwaga katika ziwa lenyewe. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, nani atajua? Mji wa Oslo, Norway, ulifanya jambo la namna hiyo kati ya mwaka 2006 na 2008, ukalishusha tope la bandari yake kwa bomba katika shimo la bahari karibu na kisiwa cha Malmøykalven na kulifunika kwa mchanga, na mabishano yake hayakuisha upesi. Lakini ghuba ya bahari na ziwa letu ni vitu viwili. Chini ya mita 250 hivi maji ya Nyasa hayana oksijeni kabisa, na maji ya chini huchanganyika na ya juu polepole mno. Kinachoshuka huko hakioshwi. Wala ziwa halina njia pana ya kujisafisha, kwani maji mengi yanayoingia huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi risasi wala shaba. Mto Shire hutoa kiasi kidogo tu, na kati ya mwaka 1915 na 1935 haukutoa karibu chochote. Kingine ni kwamba tope halishuki wima kama jiwe. Chembe laini hubaki zikielea, na upepo wa kusini, ule ambao wavuvi huuita mwera, huzipeleka utakako. Maji haya tunayachangia na Malawi na Msumbiji, na mpaka wake umeshatuletea maneno ya kutosha bila kuongezea tope.

Wa pili ni kuchimba shimo nchi kavu na kulifukia. Mwenye kisima Kyela anajua hatua chache tu chini ya miguu yake kuna maji, na masika yakikolea maji hayo hupanda yakamkuta mlangoni. Shimo la taka zenye sumu katika ardhi ya namna hiyo ni sawa na kuiweka sumu kwenye ndoo ya jirani. Lingewezekana tu kwa kulitandika shimo kwa udongo wa mfinyanzi na plastiki nene, kuliinua juu ya usawa wa mafuriko, na kulilinda kwa miongo, au kulipandisha tope hadi juu milimani kwa malori, jambo ambalo watu wa huko nao wanastahili kuulizwa.

Wa tatu ndio unaonitisha kuliko yote, kwa sababu utaonekana ni msaada. Tope jeusi la ziwani lina sura ya mbolea. Mkandarasi anayetafuta pa kulimwaga atawaambia wakulima waje walichukue bure, na wakulima watakuja na mikokoteni. Nawaomba wataalamu wa kilimo waliopo Uyole wanisaidie kulieleza hili kwa nguvu kuliko ninavyoweza. Mpunga unaosimama majini ni mwepesi kunyonya sumu ya arseniki iliyomo ardhini, na jaruba likikauka unanyonya kadimi, ambayo ni metali yenye sumu. Kakao nayo hunyonya kadimi na kuihifadhi kwenye mbegu. Tangu Januari 2019 Umoja wa Ulaya umeweka viwango vya juu kabisa vya kadimi katika chokoleti na unga wa kakao unaouzwa huko, na wanunuzi hupima. Kyela ndiyo wilaya inayoongoza nchini kwa kakao, na sifa ya mchele wake haihitaji mimi niieleze kwa msomaji wa Mbeya au Dar es Salaam. Tope la karakana moja likisambazwa katika mashamba ya kata moja tu na mzigo mmoja ukarudishwa kutoka Ulaya, mnunuzi hatauliza kata. Atasema kakao ya Kyela. Kodi ya boti haitoshi kuifidia hasara hiyo.

Linabaki boma la kulifungia tope pale pale lilipo, kama la Hamilton, kwa kipimo chetu. Huenda likawa ndilo jibu la kweli, na huenda juu yake ukapatikana uwanja wa kukaushia dagaa au wa kuegesha magari. Lakini boma lina bei, na bei hiyo haimo katika michoro niliyoonyeshwa. Na ukuta wa chuma ndani ya maji una umri wake. Hata Minamata leo wanazungumzia uchakavu wa kuta zao.

Niseme kidogo juu ya marina yenyewe, kwa maana kuna watu wanaodhani ikishajengwa uchafu umekwisha. Katika beseni la Shelter Island, San Diego, Marekani, ambako hufungwa boti zaidi ya 2,000, karibu shaba yote iliyochafua maji ilitoka kwenye rangi ya chini ya boti zilizotia nanga tu bila kwenda popote, na mwaka 2005 wasimamizi wa maji waliagiza shaba hiyo ipunguzwe kwa asilimia 76. Marina kwa asili yake ni mahali palipokingwa mawimbi, na mahali palipokingwa mawimbi maji hayabadiliki upesi. Pale pale chembe laini hutua. Tutakuwa tumesafisha mtego wa tope na kujenga mwingine. Tena ziwa letu hupanda na kushuka kwa vipindi virefu. Waliokuwapo mwaka 1979 na 1980 wanakumbuka lilivyopanda, kwa hiyo gati la zege lililopimwa kwa maji ya mwaka huu linaweza kuzama au kuning'inia hewani kabla mkopo wake haujalipwa. Magati ya kuelea yangefaa zaidi. Na kama shabaha ni boti za watalii tu, upande wa Matema milima ya Livingstone inaingia karibu moja kwa moja majini na kina kipo bila kuchimba. Gati dogo la kuelea huko lingegharimu sehemu ndogo ya fedha hizi, ingawa najua halitapendeza kwenye mchoro.

Kuhusu samaki, mbasa hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na anayetibua midomo ya mito msimu huo anaufunga mlango wao. Kazi yoyote ya kuchimba ifanywe kiangazi, ndani ya pazia la kuzuia tope lisisambae. Kina mama wanaoanika usipa katika ufuko huo huo nao wanahitaji kujua mapema wataanika wapi, kwa sababu sikuwaona kwenye picha zile za taa.

Ninachoomba ni vitu vichache, na vyote vinawezekana na taasisi tulizonazo. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lisipokee tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wowote wa namna hii isiyosema, kwa mita za ujazo na kwa jina la kiwanja, tope litalala wapi. Sampuli za tabaka zichukuliwe mbele ya wakazi na zipimwe na Mkemia Mkuu wa Serikali, na kituo cha utafiti wa uvuvi kilichopo Kyela kipime samaki na konokono wa hapo kabla kazi haijaanza, ili baadaye pawepo cha kulinganishia. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa pale Tukuyu isiwe mgeni mwalikwa wa siku ya uzinduzi tu. Majibu yabandikwe katika ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, yakiwa na tarakimu zake, si muhtasari wa ukurasa mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mkulima wa mchicha amekwisha kuondolewa kwa sheria hiyo mara nyingi, na mwenye hoteli aelezwe inavyomhusu. Na mwekezaji aweke dhamana ya fedha benki ya kuchimba tena na kulitunza tope kwa miaka ijayo, kabla ya nguzo ya kwanza kugongwa.

Kitu kimoja zaidi, ambacho hakigharimu fedha. Kabla ya kuagiza mitambo, wenye mradi wawatafute wazee waliofanya kazi katika karakana na maghala ya ufuko huu, tungali hai bado wachache, wawaulize nini kilimwagwa, lini na wapi. Mimi mwenyewe nipo tayari kwenda kuonyesha. Banda lilishabomolewa na mabati yake yaligawanywa, lakini mwembe uliokuwa nyuma yake bado upo, na shimo la kwanza la oili liko hatua nane kutoka kwenye shina lake kuelekea ziwani, la pili mkono wa kushoto wa lile la kwanza. La tatu sikumbuki vizuri. Yupo mwenzangu ng'ambo ya mto anayelijua.

Msomaji wako,
Kyela, Mbeya